Mtungi, Chupa na Jagi: Mgeni wa Buha Alikunywa Nini

Novemba 1871 msafara wa Henry Morton Stanley ulikatiza kusini mwa nchi ya Buha ukienda Ujiji. Waha walidai hongo, na hongo yao ilikuwa nzito. Akimaliza kulipa kwa mtawala mmoja, mbele anamkuta mwingine anamsubiri. Vitambaa vikapungua kwenye mizigo mpaka bwana mkubwa akaamua kutoroka: msafara ukaondoka usiku, ukaacha njia, ukapita porini kimyakimya.

Hiyo habari ya hongo wengi tumeisoma shuleni. Ambayo haisemwi sana ni kwamba ndani ya mizigo ile ya usiku kulikuwa na chupa ya shampeni na vikombe vya fedha. Stanley ameandika mwenyewe, katika kitabu chake cha 1872, kwamba aliibeba chupa hiyo kwa makusudi, ije ifunguliwe siku atakapomkuta Livingstone. Na kweli Ujiji ilifunguliwa. Haandiki kwamba kuna Mha yeyote aliyeonjeshwa.

Naianza stori huku kwa sababu kila nikienda kwenye sendofu Kasulu siku hizi naiona ile chupa imerudi, safari hii mchana kweupe. Mezani kuna jagi la kioo, ndani kuna divai nyekundu, vipande vya chungwa na nanasi vinaelea, na MC anatangaza kwenye maiki kwamba kamati ya vinywaji imewaandalia wageni sangria. Watu wanapiga vigelegele. Nyuma ya ukumbi, upande wa jikoni, wazee wawili watatu wametengewa dumu la pombe ya ndizi, na dumu hilo halitangazwi. Linafunikwa kitenge.

Sina ugomvi na sangria, na chini huko nitasema jinsi ninavyoitengeneza. Ninachouliza ni kile kitenge. Vinywaji vyote viwili ni tunda lililochachuka. Vyote vimechanganywa na vitu vingine ili viwe vyepesi, vitamu, na vitoshe watu wengi. Ilikuwaje kimoja kikawa cha kutangazwa na kingine cha kufichwa?

Tuanze na majina, maana majina yana historia yake. Kiswahili kina maneno mawili ya kinywaji cha zabibu na yote yamekuja na meli. Mvinyo ni vinho ya Wareno, ilibaki pwani wenyewe walipoondoka. Divai ni du vin ya Wafaransa, na bara ilienea kwa midomo ya mapadri, kwa sababu misa bila divai haiwezekani. Biblia ya Kiswahili ikaichukua, na harusi ya Kana ikawa na divai. Pombe ya mzee wa Heru Juu haikuwa na mlango wa kuingilia humo. Neno divai likapewa madhabahu, neno pombe likabaki kwenye mahubiri ya onyo.

Lakini Buha ilikuwa na watu wa kukirimiwa kabla ya yote hayo. Nazungumzia nyanda za juu, kati ya mita 1,200 na 1,700 hivi, zenye baridi ya asubuhi inayomfanya mgeni wa kutoka Ujiji atafute koti. Kulikuwa na falme kadhaa hapa: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, Buyungu kule Kakonko, na nyingine. Kila moja ilikuwa na Mwami wake, na chini yake watware, na pembeni yao wateko, wazee wa ardhi, waliokuwepo kabla ya ukoo wa Mwami kufika. J. H. Scherer, Mholanzi aliyeandika juu ya Waha katika jarida la Anthropos mwaka 1959, aliwapa nafasi kubwa hao wateko. Mwenyewe nimemsoma nikitafuta pombe tu, nikajikuta nimesoma siasa yote. Ndivyo ilivyo kwa mambo ya huku: ukiuliza nani anakunywa kwanza, umeshauliza nani anatawala.

Pombe ya zamani zaidi hapa ni ya nafaka, ulezi na mtama, iliyonywewa kwenye mtungi mmoja kwa mirija mirefu. Mtungi unawekwa katikati, wazee wanakaa kuuzunguka, kila mmoja na mrija wake au wanapokezana. Ukinyimwa mrija umeshaelewa, hakuna haja ya barua. Mwenye nyumba anaanza kuonja yeye, aonyeshe kwamba hakuna kitu kibaya ndani, ndipo mgeni anapewa. Migomba, kwa jinsi ninavyoisoma historia ya eneo hili, ilipata nguvu zaidi kwenye miinuko yenye mvua, Heru Juu na Manyovu, na karne ya 20 iliongeza aina mpya za ndizi za pombe zilizoenea Maziwa Makuu yote.

Sasa hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu watu wanasema "pombe ya kienyeji" kana kwamba inajipika yenyewe.

Ndizi ya pombe si ndizi ya kupika. Ukiila mbichi inakaukisha ulimi, ina tanini nyingi, na hiyo tanini ndiyo inayofanya juisi yake itoke safi badala ya kuwa uji. Mikungu inakatwa ikiwa imekomaa lakini bado kijani. Shimo linachimbwa, linapashwa moto kwa majani makavu, linatandikwa majani ya mgomba. Ndizi zinapangwa humo, zinafunikwa majani tena na udongo juu. Siku nne au tano baadaye zinatoka za njano, zina harufu ya moshi kwa mbali. Zinamenywa, zinatiwa kwenye mtumbwi wa mti uliochongwa kwa kazi hiyo, zinakandwa pamoja na nyasi, kwa mikono au kwa miguu. Nyasi ndizo zinazoshika nyama ya ndizi na kuiachia juisi ipite. Mtu asiyejua anakanda anapata matope. Anayejua anapata kitu kinachong'aa kama chai.

Juisi hiyo, kabla haijachachuka, ni tamu mno. Ng'ambo ya mpaka, Burundi na Rwanda, inaitwa umutobe, na wanapewa watoto, wajawazito na wokovu wote. Ukitaka pombe unaongeza maji, unatia mtama uliokaangwa na kusagwa, unafunika. Mtama ndio hamira, na ndio rangi, na ndio ile harufu ya kuungua kidogo inayokuambia upo Kasulu na si Moshi. Siku moja ni nyepesi. Siku ya tatu usiisogelee kama una kikao. Bukoba wanaiita rubisi, Warundi urwarwa, Wanyarwanda urwagwa, na Mha wa mpakani anayaelewa majina yote hayo bila mkalimani.

Kibondo wana kitu kingine cha kuongeza. Ukiondoka Kibondo mjini kuelekea mashariki unaingia kwenye mapori ya Moyowosi, na mapori hayo ni nyuki. Asali ya Kibondo inafika mbali, lakini nyingine haiuzwi. Inatiwa maji, inaachwa ichachuke, inakuwa wanzuki. Ulaya walikuwa na kinywaji cha namna hiyohiyo kabla zabibu hazijafika kwao kaskazini. Kwa wageni wa heshima, asali haikuishia kwenye wanzuki tu. Wapo waliokuwa wanaitia kidogo kwenye pombe ya ndizi iliyotoka chungu, kuilainisha. Tunda lililochachuka, maji, asali: nieleze hiyo si sangria kwa nini.

Pombe haikuwa ya starehe peke yake. Mtu mwenye shamba kubwa alialika majirani walime, na malipo yao yalikuwa mtungi jioni. Posa ilipelekwa na pombe. Kesi ya mipaka ikiisha, waliogombana walikunywa pamoja mbele ya mashahidi. Mwenyeji aliyekauka pombe alikuwa mtu aliyekosa njia ya kusema samahani, ahsante na karibu.

Kisha serikali ikaingia kwenye glasi. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliyazuia mataifa ya Ulaya kuingiza pombe kali kwa Waafrika wa ukanda mkubwa wa bara hili, na baada ya vita kuu ya kwanza, mwaka 1919, ukafuatiwa na mwingine uliotiwa saini Saint-Germain. Nia waliyoitangaza ilikuwa kutulinda. Matokeo yake yalikuwa ngazi: vinywaji vya chupa kwa Wazungu, na kwetu kile kilichoitwa pombe ya wenyeji, chini ya kibali na saa za kufungua na kufunga. Justin Willis ameandika kitabu kizima juu ya hili, Potent Brews, cha 2002, kinachofuata pombe Afrika Mashariki kuanzia 1850 hadi 1999. Nilichojifunza kwake ni kwamba ugomvi haukuwa kileo chenyewe. Ulikuwa ni nani ana mamlaka juu ya mtungi: mzee wa ukoo, serikali, au mwanamke anayeuza.

Kwa Buha swali la mwanamke ni kubwa, na sababu yake ni reli. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Waingereza walipochukua nchi, mkoa huu ukawa ghala la nguvukazi: Waha walipanda treni kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, na kuanzia 1944 kulikuwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge ya kuwaandikisha. Tuliitwa manamba, na hadi leo kuna mtu Dar es Salaam anadhani ni jina la kabila. Wanaume wakiwa Tanga miaka miwili mitatu, nyumbani amebaki nani? Kodi inadaiwa, chumvi inatakiwa, mtoto anataka daftari. Migomba ipo nyuma ya nyumba. Mwanamke aliyekuwa anapika ili mumewe akirimu akaanza kupika ili auze.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mmoja wa hao. Alipikia Heru Juu. Na hapo ndipo historia hii inapoacha kuwa ya vitabu kwangu.

Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulivuka mpaka ukaja Buha, na walokole walikuwa wakali kwa mambo mengi lakini kwa pombe walikuwa wakali zaidi. Waadventista wa Heri nao, na Wapentekoste, hawakutaka hata kuisikia. Siwacheki. Nimezikwa na majirani waliokufa kwa gongo zaidi ya ninavyotaka kuhesabu, yaani nimeshika jembe kaburini, na mlokole aliyemtoa mumewe kilabuni alikuwa anaokoa nyumba. Lakini kanisa alilosali bibi lilimtenga kwa kupika. Hakuwa mlevi, nilivyomjua mimi alikuwa anaonja kijiko tu, akitema. Alitengwa kwa kupika na kuuza. Miaka mingi alikaa benchi la nyuma wakati wenzake wakienda mbele kupokea kikombe, na kikombe kile, kama tujuavyo, kilikuwa na divai. Tunda lililochachuka. Sadaka yake iliendelea kupokelewa kila Jumapili, na kila mtu alijua ile shilingi imetoka kwenye mtumbwi gani.

Mama yangu alisoma kwa pesa hiyo. Mama akawa mwalimu, akanisomesha mimi hadi chuo kikuu, na leo naandika makala kuhusu vinywaji. Mama mwenyewe hanywi na hataki kinywaji nyumbani kwake. Nilipomuuliza kama anaona ubaya wowote katika alichofanyiwa bibi, alinijibu kwamba bibi alijua sheria. Halafu akakaa kimya, akaniuliza kama nimekula.

Uhuru haukubadilisha ngazi ile sana. Utawala wa jadi ulifutwa 1963, ukaondoka na meza zake. Hata Mwami Theresa Ntare wa Heru, mwanamke aliyekuwa miongoni mwa watawala wa jadi maarufu nchini, akabaki raia kama wengine. Mwaka 1966 ikaja Sheria ya Moshi, iliyoweka kunereka pombe kali chini ya leseni, na 1968 Sheria ya Vileo, yenye leseni na saa zake za pombe ya kienyeji. Ukiisoma hiyo ya 1968 huku umefunga macho nusu, unasikia sauti ya bwana shauri wa Kiingereza.

Pigo lenyewe lilikuwa la ardhi. Operesheni Kigoma ilianza 1972. Waha walikuwa wanaishi wametawanyika vilimani, kila kaya katikati ya mgomba wake, na serikali iliwashusha kwenye vijiji vya barabarani ili wapate shule, maji na zahanati. Shule zilikuja, hilo nisilikane. Lakini mgomba hautembei. Ukipanda chipukizi leo unangoja mwaka mzima au mwaka na nusu kupata mkungu, na shamba la kutosha mtumbwi mmoja linataka miaka. Bibi alikuwa anasimulia kwamba waliohamishwa mbali waliacha migomba imesimama na mikungu yake, na mwaka wa kwanza walirudi usiku kukata. Baadaye wengine wakageukia mahindi na sukari. Hapo pombe ya tunda ikaanza kupungua kwenye baadhi ya vijiji na gongo ikaongezeka. Kwa hiyo nikisikia mkuu fulani anasema Waha wana "tabia" ya gongo, huwa natamani nimuonyeshe ramani ya 1972.

Wakimbizi nao wana nafasi yao. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, na 2015 Warundi walipofurika tena, Nduta ya Kibondo ikafunguliwa upya. Warundi walikuja na ujuzi wa urwarwa mikononi, hawakuhitaji mzigo wa kuubebea. Kwenye masoko ya jirani ilikuwa vigumu kujua nani kamfundisha nani.

Basi, turudi kwenye jagi. Lami ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260 hivi, imeifanya Dodoma kuwa jirani, na umeme wa uhakika zaidi umeleta friji na barafu. Divai ya Dodoma sasa iko kwenye maduka ya Kasulu kama sabuni. Nayo ina asili ya kimisionari, zabibu zilipandwa kwanza na mapadri kwa ajili ya misa, na jua la Dodoma likakubali zivunwe mara mbili kwa mwaka.

Yangu naitengeneza hivi. Chupa moja ya mililita 750 ya divai nyekundu kavu. Ile tamu kali wanayoiita dompo iache, itakupa kichwa na sukari ya bure. Asali ya Kibondo vijiko vitatu, iyeyushe kwanza kwa maji vuguvugu maana ukiitia kwenye baridi inakaa chini kama jiwe. Chungwa moja likate visahani, jingine likamue. Nusu limau. Nanasi vipande vidogo, tangawizi ukucha mmoja, pasheni mbili na mbegu zake. Weka kwenye friji saa nne, si chini ya hapo, tunda linywe divai na divai inywe tunda. Soda nyeupe unatia wakati wa kumimina. Barafu inakwenda kwenye glasi, kamwe si kwenye jagi. Wengine huongeza Konyagi. Mimi siongezi, wageni wangu wanarudi kwa bodaboda.

Na nimejaribu ya pili, ambayo naipenda zaidi: pombe ya ndizi ya siku moja, imechujwa kwa kitambaa mara mbili, imepozwa, ikaongezwa pasheni, limau na asali kidogo. Niliipeleka kwenye sendofu ya binamu bila kusema ni nini. Jagi likaisha kabla ya lile la divai. MC akatangaza "sangria nyeupe", nami nikanyamaza.

Kwa kweli jina hilo lina wenyewe. Marekani waliijua sangria zaidi baada ya kunyweshwa kwenye banda la Hispania katika Maonyesho ya Dunia ya New York mwaka 1964, na ikaenea hadi ikawa ya kila mtu. Ndipo Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya 2014, ukasema ni Hispania na Ureno tu zinazoweza kuuza kinywaji kwa jina la sangria peke yake. Wengine waandike kwanza kwamba ni kinywaji chenye asili ya divai kilichotiwa ladha, na nchi kilikotengenezwa. Kinywaji cha wakulima, cha kuchanganya divai ya kawaida na matunda yaliyopo, kiliwekewa ulinzi wa mataifa 28 yaliyokuwa kwenye Umoja huo wakati ule. Rubisi haijawekewa na mtu. Arusha, Banana Investments imekuwa ikitengeneza mvinyo wa ndizi wa chupa tangu miaka ya 1990, kwa hiyo inawezekana. Kasulu na Kibondo kuna vikundi vya akina mama wanaotaka njia hiyohiyo, na kikwazo chao ni chupa, lebo, kipimo cha maabara, nembo ya ubora. Ndizi na ujuzi walikuwa navyo.

Nasema walikuwa navyo, maana ndizi zenyewe zinaondoka. Mnyauko wa bakteria ulionekana Uganda 2001, ukaingia Tanzania kupitia Kagera 2006, na Kigoma haikusalimika. Ugonjwa huu una upendeleo: wadudu wanaubeba kutoka kwenye maua ya kiume, ile ncha nyekundu inayoning'inia chini ya mkungu, na baadhi ya ndizi za pombe ziko wazi zaidi kwake. Majani yananyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata ndani kuna madoa ya kahawia na juisi haitoki. Maafisa ugani wanafundisha kuvunja ncha hiyo mapema kwa kijiti chenye panda, bila panga, na panga likitumika lipitishwe kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Mgomba uliougua ung'olewe.

Mwaka huu nilimtembelea mama mmoja mpikaji, umri wa mama yangu, kijiji kilicho nje kidogo ya Kasulu. Alikuwa ameng'oa karibu nusu ya shamba lake. Mtumbwi wa kukandia ulikuwa chini ya paa, unakinga maji ya mvua. Alinikaribisha, akaniomba radhi kwamba hana kitu cha heshima cha kunipa, akamtuma mjukuu wake dukani akaninunulie soda.